Bandama na Kondo

Mtaani tulikokulia, mtoto mwenye tumbo lililotuna upande wa kushoto alipewa jina la ugonjwa wake kabla hajafika kwa daktari. "Ana bandama," watu wazima walisema, na maneno yakaishia hapo. Wengine walichanjwa, wakioga uani uliona alama fupifupi, nyeusi, zimepangana chini ya mbavu. Wengine walimezeshwa dawa ya malaria, tumbo likashuka, wakarudi uwanjani. Walikuwapo ambao tumbo halikushuka. Hao walikaa barazani wakitutazama tunavyocheza, wakichoka upesi, wakitokwa damu puani bila kugongwa na kitu, na sisi watoto tulizoea kuwapita.

Sisemi kwamba hata mmoja wao alikuwa na ugonjwa ninaouandikia leo. Katika nchi zetu bandama huvimba kwa sababu nyingi: malaria ya kujirudia, kichocho, selimundu, na kala-azar kule inakopatikana. Daktari anayeanza na hizo anaanza mahali panapostahili. Linaloniuma ni kwamba tukishalitaja bandama hatukuuliza tena kimelijaza nini.

Bandama, au wengu kama vitabu vya biolojia vinavyoliita, kwa mtu mzima mwenye afya halizidi ngumi na uzito wake ni gramu 150 hivi. Limejificha chini ya mbavu za kushoto, na ukilitafuta kwa vidole hulipati. Kazi yake mojawapo ni kuvunja. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 tu, kisha huchakaa, na kila sekunde mwilini mwa mtu mzima chembe zipatazo milioni 2 hufikia mwisho wake. Zinahitaji mahali pa kufia. Ndani ya bandama, ini na uboho wa mifupa kuna seli kubwa ambazo kazi yake ni kumeza chembe hizo zilizochakaa na kuzibomoa kipande kwa kipande.

Ukitaka kuiona kazi hiyo, nenda kwenye gereji ambako magari mabovu huchinjwa. Gari likiingia, mmoja anafungua milango, mwingine anashusha injini, mwingine anang'oa nyaya. Kila fundi ana spana yake, na spana namba 10 haifungui nati ya namba 14. Katika seli mafundi hao ni vimeng'enya, na gereji yao ni vifuko vidogo viitwavyo laisosomu, ambavyo Christian de Duve wa Ubelgiji alivitambulisha mwaka 1955, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Sasa fikiria fundi mmoja hakuja. Si leo tu. Hajawahi kuja tangu gereji ifunguliwe. Wenzake wote wapo kazini na magari yanazidi kuletwa, lakini kuna nati moja isiyofunguka, na kila gari likifika hapo linabaki.

Huo ndio ugonjwa wa Gaucher, jina linalosomwa Goshe. Kimeng'enya kinachokosekana, au kilichopo kwa upungufu mkubwa, ni glukoserebrosidasi. Kazi yake ni moja: kuitenga sukari na mafuta katika kijenzi cha utando wa seli kiitwacho glukoserebrosidi. Kimeng'enya kisipotosha, kijenzi hicho hakivunjiki. Seli imekwisha kukimeza na haiwezi kukitema. Inaendelea kumeza kwa sababu ndiyo kazi yake, inavimba, na ukiitazama kwa hadubini sehemu yake ya ndani inaonekana kama karatasi ya shashi iliyofinyangwa mkononi. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni bandama la mtoto. Linaweza kufikia uzito mara kumi, mara ishirini na zaidi ya ule uliotakiwa. Ini nalo linavimba. Katika uboho, seli zilizojaa zinabana mahali damu inapotengenezwa, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na chembe zinazoigandisha huwa chache, hata fizi zinatoka damu kwa kuguswa na mswaki. Mifupa inauma usiku kucha. Nyonga inaweza kufa kwa kukosa damu, na kijana akachechemea kama mzee.

Niseme jambo hapa kwa sababu najua mzazi atakaposikia neno mafuta akili yake itakwenda jikoni. Mafuta haya hayatoki kwenye chapati, wala kwenye nazi, wala kwenye nyama ya sikukuu. Yanatoka katika utando wa seli za mwili wenyewe. Mama hakukosea kumpikia mwanawe mchuzi, na hakuna kufunga wala kula mboga tupu kutakakolishusha bandama hilo.

Mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika maandishi ya tiba ni mwanamke wa miaka 32 huko Paris. Philippe Gaucher, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alimweleza katika tasnifu yake ya mwaka 1882. Aliona bandama kubwa mno, na ndani yake aliziona zile seli zilizovimba. Aliziona sawasawa kabisa, ila akazisoma vibaya: alidhani ni saratani ya bandama. Alidhani kuna kitu kilichoota pale na kuongezeka. Ilipofika mwaka 1934, mtafiti aitwaye Aghion aliyatambua mafuta yenyewe, lakini hata baada ya hapo swali lilibaki wazi. Je, mwili wa mgonjwa unatengeneza mafuta hayo kupita kiasi, au unashindwa kuyaondoa?

Roscoe Brady, daktari na mwanakemia katika taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, huko Bethesda, alianza na upande wa kwanza. Yeye na mwenzake walichukua vipande vya bandama la wagonjwa wakapima kasi ya kutengeneza mafuta yale. Ilikuwa ya kawaida. Mwili haukuwa ukizidisha chochote. Basi ikabidi kupima uvunjaji, na kwa hilo alihitaji mafuta yaliyotiwa alama ya mionzi ili aweze kuyafuatilia yanapokatika. Mwaka 1965 jibu lilipatikana: kimeng'enya cha kuyakata ni pungufu. Kutoka tasnifu ya Paris hadi jibu hilo ilikuwa imepita miaka 83.

Nimejiuliza kwa nini ilichukua muda wote huo, na naona sababu mojawapo imo hata katika lugha yetu. Tunasema homa imemshika, amepatwa na ugonjwa, ameingiwa, kijicho kimempata. Ugonjwa kwetu ni mgeni anayekuja, awe mbu, mnyoo, jini au jicho la jirani, na tiba ni kumtoa mgeni huyo. Wafaransa wa 1882 nao walimtafuta mgeni. Katika ugonjwa huu hakuna aliyekuja. Mtoto alizaliwa na kila kitu mahali pake, vidole kumi, macho mazuri, sauti ya kilio yenye nguvu, na pungufu moja isiyoonekana kwa jicho wala kwa hadubini ya wakati ule. Ni vigumu kumwonyesha bibi mtu ugonjwa ambao ni kutokuwapo kwa kitu.

Tena ni vigumu kumwonyesha ulikotoka. Msomaji anayeijua selimundu tayari anajua njia yake. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kinasaba kinachotoa maagizo ya kimeng'enya hiki, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzima haugui ugonjwa huu, kwa kuwa ile nzima inamtosha. Anaweza kuishi hadi uzee, akaoa, akalima, akahiji, asijue kamwe amebeba nini. Akikutana na mwenzake aliyebeba kama yeye, ndipo kila mimba inakuwa na nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata nakala mbili mbovu. Ni kura inayopigwa upya kila mara. Kuzaa mgonjwa mmoja hakuwakingi watatu wanaofuata. Nimeona wazazi waliofundishwa selimundu wakilielewa hili kinyume, wakadhani fungu la msiba wamekwisha kulilipa.

Kura hiyo inapigwa na wawili. Ningependa wanaokaa vikao vya ukoo walisikie vizuri. Mara ngapi mama ameambiwa ana mkosi, kwao wana damu mbaya, arudishwe? Katika ugonjwa wa Gaucher haiwezekani baba awe nje ya hesabu. Amechangia nusu, sawa na mkewe, na yeye aliipokea kwa mmoja wa wazazi wake ambaye pengine ndiye anayekiongoza kikao. Huku pwani, na Oman na nchi za Ghuba waliko ndugu zetu wengi, ndoa ya binamu ni heshima na ni njia ya kuuweka ukoo pamoja. Simlaumu mtu kwa hilo. Ila watoto wa ami wamechota katika kisima kimoja, babu na bibi wale wale, kwa hiyo nafasi ya wote wawili kubeba nakala ile ile yenye kasoro ni kubwa kuliko ya watu wasiohusiana. Wanastahili kuambiwa hivyo kwa upole kabla ya harusi na si kwa kuzomewa baada ya msiba.

Brady alipokwisha kujua kilichopungua, wazo lililofuata lilikuwa rahisi kulitamka: mpe mgonjwa kile alichokikosa. Lakini kimeng'enya cha binadamu kinapatikana wapi kwa wingi? Hakiwezi kukamuliwa kutoka kwa watu walio hai. Yeye na wenzake walikitafuta, wakakipata katika kondo la nyuma.

Hapa huwa natua kila ninaposoma habari hizi. Kwetu kondo haliachwi ovyo. Nyumbani lilizikwa, na mtu akitaka kukuambia kwao hasa ni wapi, husema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Katika vituo vya afya lina shimo lake, shimo la kondo, nyuma ya wodi ya wazazi, na mkunga hulipeleka huko kwa adabu hata zamu ikiwa imemchosha. Kwa vyovyote vile, ni kitu kilichomaliza kazi. Limemlisha mtoto miezi tisa, mtoto ametoka, nalo linafuata nyuma yake na kwenda zake. Kumbe ndani ya kondo hilo mlikuwa na yule fundi aliyekosekana, akiwa na spana yake mkononi.

Mwaka 1974 Brady na wenzake walitangaza matokeo ya kwanza ya kuwapa wagonjwa kimeng'enya kilichosafishwa kutoka kwenye kondo. Mafuta yalipungua kwenye ini, tumaini likawaka. Kisha majaribio yaliyofuata yakayumba, leo nafuu, kesho hakuna. Sababu ikaonekana: kimeng'enya kilikuwa kinaishia katika seli za kawaida za ini, hakizifikii zile seli kubwa zilizojaa. Kimeng'enya hiki hubeba minyororo midogo ya sukari juu yake, na minyororo hiyo ni kama anwani juu ya barua. Seli kubwa zina mlango unaoitambua sukari moja, manosi. Manosi ilikuwapo kwenye mnyororo, lakini imefunikwa na sukari nyingine zilizoitangulia. Ikabidi zile za juu ziondolewe moja baada ya nyingine mpaka manosi ibaki wazi. Barua ikafika. Hata dawa yenyewe, basi, ilikataa kufanya kazi mpaka sehemu yake fulani ivunjwe.

Hapo napo hawakufaulu mara moja. Kati ya wagonjwa wa kwanza waliopewa dawa hiyo mpya, aliyepata nafuu ya wazi alikuwa mtoto mdogo wa kiume. Wakubwa walibaki vilevile. Ingewezekana kusema dawa imeshindwa kwa wengi, jalada lifungwe. Wao walimtazama mtoto yule wakauliza ana nini wenzake wasichokuwa nacho, na jibu likawa udogo wake: kiasi walichopewa wote kilikuwa kikubwa kwa uzito wake, kwa wengine kilikuwa tone baharini. Dozi ikapandishwa. Wagonjwa 12 wakatibiwa, mabandama yakashuka, damu ikapanda. Mwaka 1991 dawa ikaruhusiwa Marekani.

Kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja kulihitaji makondo yapatayo 20,000.

Niliporudia kuisoma hesabu hiyo niliwaona akina mama 20,000 wamelala wodini alfajiri, kila mmoja na kichanga kifuani, na kule mwisho wa foleni yao mtu mmoja asiyemjua hata mmoja wao, anayeweza kupanda ngazi tena. Sidhani wengi wao walijua. Walishukuru kwa mtoto, kondo likachukuliwa, mambo yakaisha. Mwaka 1994 ilikuja dawa ya kizazi cha pili, inayotengenezwa na seli za hamsta wa Kichina zilizopandikizwa kinasaba cha binadamu na kuoteshwa ndani ya matangi, na tangu hapo haja ya kukusanya makondo ikaondoka. Baadaye vikaja vidonge vinavyopunguza kasi ya kutengeneza mafuta yale ili kimeng'enya kidogo kilichopo kisilemewe. Yote ni maendeleo, nayashukuru. Lakini wa kwanza kabisa waliishi kwa mabaki ya uzazi wa wengine, na sitaki tulisahau.

Dawa hii ya kimeng'enya ina mipaka, na kuificha ni kumdanganya mzazi. Haiwezi kupita kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Kwa hiyo inawafaa sana wenye aina ya kwanza ya ugonjwa, ambayo haigusi ubongo, na ndiyo aina wanayougua wengi katika nchi za Magharibi. Aina ya pili huwapata vichanga. Huharibu ubongo upesi, na wengi wao hufariki kabla ya kutimiza miaka mitatu. Aina ya tatu huenda polepole zaidi, na wagonjwa wake wanajulikana sana katika jimbo la Norrbotten, kaskazini ya Sweden, ambako kinasaba kimoja chenye kasoro kilisambaa katika familia chache za zamani. Kwa hao dawa hushusha bandama na kuponya damu, lakini kichwani haifiki.

Kisha kuna bei. Kwa mtu mzima matibabu yanaweza kuzidi dola 200,000 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, kwa maisha yote, kwa sindano ya mshipani kila wiki mbili. Hakuna mwalimu, mvuvi wala karani anayeweza kulipa hiyo. Niliwahi kumsikia msomi mmoja akisema kwamba kwa bei kama hii ni afadhali tusiutafute ugonjwa tusioweza kuutibu. Nilikaa na maneno yake siku nyingi, na nayakataa. Mtoto asiyejulikana anaumwa nini hamezeshwi dawa moja tu. Anamezeshwa dawa za malaria asiyokuwa nayo, anachanjwa, anapimwa saratani ya damu, na mwisho huenda akatolewa bandama, na mafuta yaliyokuwa yakihifadhiwa humo yakaelekea kwenye mifupa. Mama yake anabeba lawama isiyo yake. Wazazi wanazaa tena bila kujua ile kura. Na pale ambapo watengenezaji hutoa dawa bure kwa wagonjwa wasio na uwezo, sharti la kwanza ni ugonjwa uwe umethibitishwa kwa kipimo.

Lipo pia dai kwamba huu ni ugonjwa wa watu fulani. Ni kweli kwamba kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki humpata mtoto mmoja katika kila 850 hivi wanaozaliwa, wakati kwingineko hukadiriwa mmoja katika kila 40,000 hadi 60,000. Wingi huo uliwafanya madaktari wengi wauone kama ugonjwa wa kabila, na anayeuona hivyo hautafuti kwa mtoto wa Kisukuma au wa Kidigo. Kinasaba hakina kabila. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba kinasaba hiki hiki kina umbo fulani linaloonekana kwa watu wa asili ya Afrika, waliowachunguza Nigeria na Marekani, na karibu halionekani kwa Wazungu. Halileti ugonjwa wa Gaucher, lakini linaongeza uwezekano wa kupata Parkinson, ule ugonjwa wa mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Babu anayetetemeka barazani naye huenda ana neno la kutuambia juu ya kimeng'enya hiki, na hatukuwa tumemuuliza.

Kipimo hakihitaji mashine iwepo kijijini. Matone machache ya damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu, huachwa yakauke, hutiwa ndani ya bahasha na kusafirishwa hadi kwenye maabara yenye uwezo wa kupima kazi ya kimeng'enya. Ombi langu kwa wewe tabibu wa zahanati na kituo cha afya ni hili: mtoto ambaye malaria yake imetibiwa sawasawa, selimundu na kichocho vimepimwa visionekane, na bandama lake bado limekataa kushuka, usimrudishe nyumbani na neno bandama peke yake. Mwandikie rufaa, na katika karatasi ya rufaa andika: kimeng'enya kipimwe.